Seftriaksoni siku tano baada ya henia: tunaikomeshaje?

Nesi_Thieta
Wadau, salaam. Mwongozo wa WHO wa 2016 unataka antibiotiki ya kinga (ya kuzuia kidonda kisiambukizwe) idungwe kabla ya mkato, isiendelee operesheni ikishaisha. Tumeubandika ukutani wodini, hapa Nairobi. Bado mgonjwa wa henia ya kawaida anatoka thieta akiwa ameandikiwa antibiotiki ya seftriaksoni siku tano. Daktari mkubwa akiulizwa, jibu ni "hapa si Ulaya." Tuanzie wapi?

Dozi_Kwa_Saa
Sister, ukutani hakuna anayesoma akiwa ameshika kalamu. Anzeni na chati ya dawa. Daktari kijana akiona nafasi tupu ataijaza, asije akaulizwa asubuhi. Wekeni sehemu ya "kinga" yenye mstari mmoja tu: dawa, dozi, saa ya kudunga, saa ya mkato. Anayetaka kuendelea aandike "tiba" na sababu yake, mathalani utumbo uliotoboka.

Halafu dozi itoke wodini, ihamie thieta. Ikidungwa saa moja asubuhi na foleni ivute hadi saa tano, dawa nyingi imeshatoka mwilini. Nusu ya sefazolini, antibiotiki ya kinga, huondoka kwa takriban saa mbili. Adunge mtu wa ganzi: gramu 2 mshipani kwa mtu mzima, irudiwe operesheni ikipita saa 4 au damu ikizidi lita moja na nusu. Orodha ya ukaguzi ya WHO huuliza kama ilitolewa ndani ya dakika 60 kabla ya mkato. Watu hutia tiki tu, kwa hiyo andikeni saa yenyewe.

Kisu_na_Uzi
"Si Ulaya"? Mpelekeeni utafiti wa Hospitali ya Thika, hapahapa Kenya, uliochapishwa 2013. Dozi za kabla zilipanda, za baada zikashuka, na maambukizi ya juujuu ya kidonda yakapungua.

Ila msimdharau daktari huyo. Mwongozo huohuo wa WHO ulipendelea klorheksidini yenye spiriti kwa kusafisha ngozi kabla ya mkato. Jaribio la FALCON (2021), katika nchi za kipato kama chetu, halikuona ikiishinda povidoni-ayodini. Jaribio la ChEETAh (2022) ndilo lenye faida: kubadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo kulishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Pesa ikiwa chache, mimi ningenunua glovu.

Nesi_Thieta
Asanteni. Na tutajuaje hatuumizi mtu?

Dozi_Kwa_Saa
Pigeni simu siku ya 30 baada ya operesheni, wengi hawarudi kliniki. Chukueni namba mbili, ya mgonjwa na ya jamaa. Ulizeni usaha, kidonda kuachia, dawa alizonunua kwa kemisti. Mkifanya henia 20 kwa mwezi, kidonda kimoja tu kikiambukizwa ni asilimia 5, kwa hiyo mwezi mmoja mbaya usiwarudishe kwenye siku tano.