Aliyeniuzia furushi la programu za dizaina hapa Kisumu, nataka pesa yangu

Nimekaa na hasira hii wiki mbili nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hivyo naifungulia uzi.

Nililipa shilingi 6,500 kwenye kibanda kimoja hapa mjini nikapewa diski iliyojaa programu: za kuchora nembo, za kusafisha picha, za kupanga kurasa za vitabu, na fonti maelfu. Nikamuuliza jamaa kama ni halali. Akanijibu kwamba kila dizaina wa Kisumu anatumia hizohizo. Kisha akaniambia nizime antivairasi kabla ya kuzipakia, eti inasumbua. Hapo ndipo ningeondoka. Sikuondoka. Niliizima.

Kazi niliyokuwa nayo ni katalogi ya kurasa 24 ya kikundi cha akina mama wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Wanakausha gugumaji la ziwa, wanalisuka vikapu, kofia na mikeka ya mezani. Pesa ya kuchapisha walichanga wenyewe, mia mia, na daftari la michango nililiona kwa macho yangu. Picha zote nilipiga mimi, nimelala kifudifudi kwenye mchanga ili kikapu kionekane na maji nyuma yake.

Siku tatu kabla ya kupeleka kazi matbaa, nikiwa nimewasha intaneti, kisanduku cheupe kikatokea katikati ya skrini: leseni si halali, programu imefungwa. Faili ipo, jina lake nalisoma, lakini haifunguki. Nikafikiri huo ndio mwisho wa balaa.

Jioni hiyohiyo mwenyekiti wao akanipigia. "Nyathina (mwanangu), ni wewe unauza simu kwenye ukurasa wetu?"

Ukurasa wao wa Facebook nilikuwa nausimamia kwa laptopu hiyohiyo. Nywila imebadilishwa, barua pepe imebadilishwa, na mtu nisiyemjua anatangaza simu za bei ya kutupa kwa jina la akina mama waliojenga jina hilo kwa miaka minne. Wateja wao wawili walikuwa wameshatuma pesa. Mama hakunigombeza. Alinyamaza tu kwenye simu, na mimi nikanyamaza.

Kwa wasiojua: programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi hubeba kirusi ndani yake. Kinaingia kwenye kivinjari, kinachukua nywila ulizohifadhi pamoja na vidakuzi vinavyokuweka ndani ya akaunti, kisha mwizi anaingia kama wewe bila hata kuulizwa nywila. Ndiyo maana unaambiwa uzime antivairasi. Si kwamba inasumbua. Inakiona hicho kirusi.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba sikuhitaji kulipa hata shilingi. Nembo unachora kwa Inkscape, ipo tangu 2003, bure kabisa. Picha unasafisha kwa GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha California kule Berkeley. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na sasa unaweza kurudi kurekebisha madoido uliyoweka bila kuharibu picha ya chini. Kurasa unapanga kwa Scribus. Fonti ziko Google Fonts, nyingi zikiwa na leseni huria ya SIL inayokuruhusu kuzitumia hata kwenye kazi ya kulipwa. Zile fonti za kwenye diski je? Sina haki ya kutumia hata moja, na mteja wangu angeweza kudaiwa kwa sababu yangu. Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 sawasawa na kitabu. Huyu jamaa anauza mali ya wizi mchana, mlango wazi, na vijana wanapanga foleni.

Katalogi niliirudia yote kwa Scribus, usiku mbili, kwa laptopu ya kuazima. Si rahisi siku ya kwanza, sitawadanganya. Menyu zake zina ukaidi, na maandishi huyaandiki tu popote, lazima uchore fremu kwanza. Lakini ilinipa kitu ambacho sikuwahi kukielewa: rangi. Inkscape inafikiria rangi za skrini, matbaa inachapa kwa wino nne. Kwa hiyo nembo niliileta kama SVG, yaani faili ya mchoro, nikaiwekea thamani za wino ndani ya Scribus, nikaongeza milimita 3 za kukatia kila upande, nikatoa PDF. Kabla ya kutoa, programu yenyewe ilinionyesha picha mbili zilizokuwa chini ya ubora unaofaa. Dada wa matbaa alifungua faili, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Hii iko sawa." Kijani cha gugumaji kilitoka kijani. Mara ya mwisho nilipochapisha, kwa mafaili ya skrini, kilitoka kama majivu.

Ukurasa wa Facebook bado hatujaurudisha. Tumeripoti, tunasubiri.

Kama ulinunua diski ya aina hii, usibadilishe nywila kwa kompyuta hiyohiyo, kirusi kitaiona mpya pia. Tumia simu au mashine nyingine safi, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ile kompyuta ifutwe na kupakiwa upya kila kitu. Fanya leo, kabla ya kulala.

Na wewe uliyeniuzia, najua unasoma humu. Diski bado ninayo. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pako pamoja na mama mwenyekiti. Tunataka 6,500, na tunataka umweleze yeye, si mimi, ukurasa wake ulienda wapi. Aliye karibu na aje asimame nasi.