Bodi ya kriketi inaijua Mombasa siku ya kuchukua mchezaji tu

Ndugu zangu, uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta. Leo siufuti.

Jana usiku, saa tatu zimepita, nilipigiwa simu na mama wa msichana ninayemfundisha kriketi, watu wa Kisauni. Ameletewa ujumbe kwamba mwanawe anatakiwa Nairobi kwa majaribio ya timu ya vijana. Lini? Kesho kutwa saa mbili asubuhi. Nauli ajitafutie. Kulala, hakuna aliyesema chochote. Mama mwenyewe anauza viazi karai mbele ya nyumba. Akaniuliza, "Mwalimu, nimpeleke au nimwache?" Nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani laini imekatika.

Waliomwita hawajamwona akicheza hata siku moja. Mtoto huyu amekuwa nami miaka minne. Anarusha mpira wa kuzunguka vizuri kuliko wavulana wangu wengi, na muda wote huo anatumia mpira wa wanaume kwa sababu ndio tulio nao. Wa wanaume una gramu 156 hadi 163, wa wanawake ni 140 hadi 151, na umbo lake dogo zaidi. Kwa mtu anayeuzungusha mpira kwa vidole, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Kesho atapewa mpira ambao hajawahi kuushika, arushe ova mbili, yaani mipira kumi na miwili, kisha mtu aandike kwenye karatasi kama anafaa au hafai. Hivyo ndivyo taifa linavyokuza wachezaji?

Na msiniambie Pwani hatuna historia. Aasif Karim ni mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa nahodha wa Kenya Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, akarudi 2003 akiwa na miaka 39. Siku ile Durban dhidi ya Australia, waliokuja kutwaa kombe, alirusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu. Mwaka huo huo Kenya ilifika nusu fainali. Miaka saba nyuma yake, Pune kule India, tuliwashinda West Indies kwa mikimbio 73. Haya yote mnayajua. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na tangu hapo kila kikao ni kusimulia 2003. Waliocheza 2003 walikuwa watoto miaka ya themanini! Kuna mtu aliwapa mpira wakiwa wadogo. Mimi ninauliza habari za watoto wa leo.

Uwanja sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hawaelewi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ukitaka pichi ya nyasi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, ulete udongo mzito wa mfinyanzi kutoka nje, uumwage tabaka kwa tabaka, kila tabaka ulimwagilie na kulishindilia kwa rola mpaka likaze, ndipo uoteshe nyasi. Na ukishamaliza, kila wiki kuna kazi. Hiyo inataka fundi aliyefundishwa, na rola, na maji ya uhakika, katika mji ambao maji ya mfereji yenyewe tunayangoja. Pichi nzuri za nyasi ziko kwenye vilabu, navyo vina wanachama wao na ratiba zao. Siwalaumu. Uwanja wa Mombasa Sports Club ulipokea mechi rasmi za kimataifa Januari 2007, Kenya na Scotland na Canada, nami nilikuwepo nikishangilia mpaka sauti ikakauka. Nilidhani baada ya pale mchezo utatoka kwenye ua wa klabu uingie mitaani.

Watoto wangu wanacheza juu ya ukanda wa sementi tuliotandika mkeka wa katani. Juu ya mkeka mpira unadunda vilevile kila mara, na juu. Mtoto anazoea kuungoja upande mpaka kiunoni. Siku akipelekwa kwenye nyasi, mpira unateleza chini, unampiga mguuni, mwamuzi ananyoosha kidole, kwisha. Mteuzi anaandika kwamba huyu hajui kupiga. Anajua! Hajawahi kuiona ardhi ile tu. Na mkeka wenyewe tumeushona mara tatu kwa uzi wa nyavu.

Makocha? Nilihudhuria kozi. Siku mbili, picha ya pamoja, cheti, chakula cha mchana. Mwalimu aliyekuja alikuwa mzuri kweli na nilijifunza kwake. Lakini hakuna aliyerudi kuona kama ninafundisha nilichofundishwa, au ninawaharibu watoto mabega kwa mazoezi mabaya. Tulikuwa wengi kwenye picha ile. Leo ninaowajua wanaofundisha bado ni wawili.

La waamuzi ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya pili. Nilifanya mtihani wa sheria mwaka 2012, nikapita. Sheria za kriketi ni 42, unaweza kuzikariri kwa mwezi mmoja. Lakini kuamua mguu mbele ya wiketi, yaani kama mpigaji atoke kwa mpira uliomgonga mguuni, hakukaririwi. Mpira umedunda wapi, umempata wapi, ungeendelea ungegonga vijiti au ungepita pembeni, na mrushaji anakupigia kelele usoni. Kazi hiyo unaijua kwa kusimama na mtu mzoefu upande wa pili, mkifika kwenye chai akwambie, "Ile ya ova ya kumi na moja ulikosea, ulisimama vibaya." Mimi nimeambiwa maneno hayo mara moja tu, na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuja Mombasa kunitazama. Sijui makosa yangu. Kijana niliyeanza kumfunza naye aliacha, siku nzima juani kwa shilingi mia tano na soda. Sasa anaendesha tuktuk, na simlaumu, ana mtoto.

Kuna watakaojibu kwamba pesa hakuna. Uganda wana mafuta gani ya kriketi? Novemba 2023, Windhoek kule Namibia, waliwafunga Zimbabwe wakafuzu Kombe la Dunia la ova ishirini la 2024, na sisi tulikuwa kwenye mashindano yale yale ya kufuzu. Rwanda waliufungua uwanja wa Gahanga 2017, na Januari 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 wakawafunga Zimbabwe na West Indies kwenye Kombe la Dunia. Wasichana wa Rwanda! Wakati sisi tukienda kucheza nao walikuwa bado wanajifunza kushika gongo.

Tena kuna jambo moja nataka mtu wa bodi alijibu hapa hapa. Kila mwaka nchi wanachama hupeleka kwa ICC, baraza la kriketi la dunia, hesabu ya wanaocheza, makocha na waamuzi. Nina watoto 40 Jumamosi kwa Jumamosi, kutoka Kisauni, Majengo, na wengine wanavuka feri kutoka Likoni wakiwa wamebeba padi za kukinga miguu mkononi. Wamo katika hesabu hiyo? Kama wamo, kwa nini hatujaletewa hata mipira sita? Kama hawamo, mnawaita Nairobi kama nani?

Mama amekubali aende. Nilimwambia ukweli wote, akasema mtoto asije akamlaumu ukubwani. Basi linaondoka leo saa nne usiku. Majirani tumechanga nauli ya kwenda ya wote wawili, ya kurudi bado. Mwenye ndugu Nairobi anayeweza kuwapokea alfajiri na kuwapa pahali pa kuoga na kunywa chai, tafadhali aniandikie pembeni. Na aliye na mpira wa saizi ya wanawake, hata uwe mkuukuu, anijulishe nimfuate popote alipo hapa mjini kabla ya magharibi, mtoto aushike japo kwa saa moja.