Tupeane uzoefu: Barabara za huku kwetu watu wachache, fedha hupatikanaje?

Mkulima wa Ufuta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mchana. Nipo Nangurukuru, huku Lindi kusini mwa Tanzania, tangu saa mbili asubuhi nasubiri Fuso ya kwenda Liwale. Dereva anasema tunaondoka "sasa hivi", na tairi moja bado liko kwa fundi. Kwa hiyo muda ninao.

Njia hii ni kama kilomita 230. Kiangazi unafika usiku, vumbi limekujaa hadi kwenye kope. Masika haisemeki. Mei 2024 zile mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata hadi barabara kuu ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, tena ya lami, watu wakalala njiani. Nchi nzima ikapiga kelele. Sisi wa Liwale tulitazamana tu, maana hayo ndiyo maisha yetu ya kila mwaka, ila hatuna kamera.

Kinachoniuma ni hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Gawanya mwenyewe: ni kama watu 18 kwa kilomita moja ya mraba. Wilaya yetu peke yake ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, ingawa sehemu kubwa ni ya tembo. Ukienda kuomba barabara unaulizwa, "Kwa siku yanapita magari mangapi?" Unajibu huku unaangalia chini.

Lakini ufuta wetu unauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani tunauweka ghalani na wanunuzi wanashindana bei, na mnunuzi anajua ghala liko wapi. Hasemi barabara mbaya. Anashusha bei tu, nawe unaona kwenye ubao ghala la jirani aliye karibu na lami limepita lako. Gharama ya tope ninailipa mimi mwenye shamba.

Naomba mliowahi kushiriki kuipigania barabara kwenye eneo la watu wachache mseme ilikuwaje. Ilianzia mkutano wa kijiji? Nani alisaidia? Ilikwama wapi? Matusi kwa serikali yana uzi wake, hapa tupeane uzoefu.

Diwani Mstaafu

Mwanangu, nimekaa udiwani miaka kumi na ajenda yangu ilikuwa moja: kupandisha hadhi barabara yetu kutoka ya wilaya iwe ya mkoa.

Sababu ni fedha. Mfuko wa Barabara unakula kwenye tozo ya mafuta, na kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, zile za wakala wa TANROADS, na asilimia 30 kwa za wilaya. Wakati ule za wilaya zilikuwa chini ya halmashauri, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza kazi Julai 2017. Mtandao wa TARURA sasa ni zaidi ya kilomita 144,000, na wa TANROADS haufiki 40,000. Nikawaambia wananchi, tukibaki huku chini tutagombania makombo, tupande.

Tukaanza. Mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kisha Bodi ya Barabara ya Mkoa ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, halafu wizarani. Kila kikao wanauliza: inaunganisha nini na nini? Hawakuulizi wanaishi watu wangapi. Nilipolijua hilo nikaacha kusema "wananchi wangu wanateseka", nikaanza kusema "barabara hii inaunganisha makao makuu ya wilaya mbili". Ikapita.

Tulichinja mbuzi. Miezi michache baadaye wakaja vijana na rangi nyekundu, wakapiga X ya kuondolewa. Barabara ya mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mikorosho ya baba yangu, X. Zahanati, X. Msikiti umenusurika kwa hatua tatu, nilizipima mwenyewe. Ile fidia tuliyoambiwa itafanyiwa tathmini bado tunaisubiri, na mimi ndiye ninayenyooshewa kidole sokoni.

Ukipandisha hadhi, tembea kwanza na kamba ya mita 30. Mimi sikutembea.

Tandiboi Mstaafu

Shikamoo diwani. Hilo la mbuzi limeniuma kuliko la mikorosho 😂

Fundi Sanifu

Nimefanya kazi kwenye barabara za vijijini miaka 14, sitasema ofisi gani wala mkoa gani.

Mkulima, hilo swali la magari usiliogope, jifunze linavyojibiwa. Tunaweka mtu chini ya mti na karatasi, anahesabu kwa siku kadhaa, anaandika lori, basi, gari dogo, pikipiki. Shida ni mwezi anaotumwa. Bajeti ikichelewa anatumwa Februari, njia imekatika, mto umejaa, anakaa chini ya mti ule kutwa anahesabu mbuzi. Karatasi inasomeka: magari mawili kwa siku. Yanayokwenda ofisini ni hayo mawili. Malori arobaini yaliyokuwa yapite Juni na ufuta hayamo.

Kijiji kimoja walinikomesha. Nilipofika na karatasi zangu, mtendaji akatoa daftari la shule, lile la kurasa 200. Walihesabu wenyewe msimu mzima wa mavuno kwa zamu, wanafunzi asubuhi na mama muuza chai jioni. Pikipiki zenye magunia walizitenga na zisizo na magunia. Guta nalo limo. Hadi akina mama waliobebwa kwenye machela kwenda kujifungua walikuwa na safu yao. Nililipiga picha kila ukurasa nikaambatisha kwenye taarifa. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililoleta fedha, ila mwaka uliofuata sehemu korofi tatu za njia ile ziliingia kwenye mpango.

La pili, acheni kuomba lami ya kilomita 100. Kilomita moja ya lami ya barabara kuu ni zaidi ya shilingi bilioni moja, na mkiomba 100 mnapewa "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina", maneno ambayo yanaweza kukaa kwenye hotuba ya bajeti miaka kumi. Njia ya kilomita 60 mara nyingi inafungwa na mita 900 tu: bonde moja la mfinyanzi mweusi, mkondo mmoja usio na kalvati, kilima kimoja kinachoteleza. Ziandikeni hizo, kwa majina ya mahali. Adui ni maji. Greda likichonga barabara bila mtaro, umetengeneza mto.

Na jambo ambalo watu hawalijui: kifusi. Changarawe haiokotwi kila mahali. Kuna mradi nilikuwa nao kifusi kizuri kilikuwa umbali wa kilomita 35, nusu ya fedha ikaishia kwenye dizeli ya matipa. Mzee mmoja mfuga nyuki akaja na kipande mkononi, jiwe jekundu lenye punje, akaniuliza, "Hili halifai?" Lilikuwa linafaa kabisa, na lilitoka nyuma ya mizinga yake, kilomita nne. Masharti yake yalikuwa mawili: tusichimbe wakati nyuki wanajenga, na shimo lenye maji tumwachie. Sasa anafuga perege humo.

Mwalimu wa Katavi

Nipo Mlele. Mkoa wetu ulizaliwa 2012 kutoka Rukwa, na ulipozaliwa ukawakuta watu 564,604. Sensa ya 2022 tukawa 1,152,958. Bado ukisafiri unaweza kukaa saa nzima huoni nyumba, ni miombo na mbung'o.

Zamani kutoka Tabora kuja Mpanda mto Koga ukifurika ndiyo basi. Kuna Januari nilirudi shule wiki mbili baada ya wanafunzi, na mzigo wangu wa madaftari uliachwa upande wa pili. Leo njia ile ni lami, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nilihudhuria kikao kimoja cha wadau, nikasikiliza hoja zilizotolewa, na hakuna aliyetaja walimu wala madaftari. Ilitajwa Ziwa Tanganyika. Ilitajwa Kongo. Yaani sisi tulipata lami kwa sababu tuko katikati ya njia ya mtu mwingine kwenda kwingine. Mimi sikukataa, ila nikaelewa.

Mwana wa Marsabit

Mwalimu, umesema ukweli mtupu. Mimi niko Kenya, kaskazini. Barabara ya Isiolo kwenda Moyale, karibu kilomita 500, tuliingoja tangu uhuru. Nikiwa mdogo tulisafiri juu ya lori la ng'ombe, wanyama chini, watu wamekalia vyuma juu, na msafara ulikuwa na askari kwa sababu ya majambazi. Siku mbili, mara nyingine tatu. Shangazi yangu alizoea kujifunga leso kwenye chuma asilale akaanguka.

Lami ilikuja kwa vipande: Isiolo hadi Merille, Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, Turbi hadi Moyale, fedha za mabenki na wafadhili tofauti tofauti. Na hoja iliyoileta si sisi, ni Ethiopia. Ni njia ya Mombasa kwenda Addis Ababa. Sisi tumo humo kama kupe mgongoni mwa ngamia, na kupe naye anafika Nairobi.

Sasa ni safari ya siku moja. Lakini niwaonye: ukitoka kwenye lami kwenda North Horr, mvua ikinyesha jangwa la Chalbi, njia ni ile ile ya babu. Wenye maduka wamehamia kando ya lami, vijiji vya ndani vimekuwa mbali zaidi kuliko zamani, maana lile lori lililokuwa likizunguka huko halizunguki tena.

Mama Mitaro

Hamjambo. Mimi sijasoma ya bajeti, nimo kwenye kikundi cha akina mama kumi na wawili na wanaume watatu. Tulipewa mkataba wa matengenezo ya kawaida, kilomita nane: kufyeka, kuzibua mitaro, kutoa mchanga kwenye makalvati. Fundi amesema adui ni maji, ahsante baba, ningeongeza kwamba adui ni mchanga pia.

Kalvati la tatu kutoka shuleni tulilikuta limejaa, limebaki tundu la kupita kuku. Mwanamume hawezi kuingia humo, mabega hayaenei. Aliingia mwenzetu mmoja mwembamba na kopo la rangi na karai la kamba. Anajaza, tunavuta, anajaza, tunavuta. Siku mbili. Alipotoka upande wa pili tulimpigia vigelegele kama bibi harusi. Mvua ya kwanza ilipokuja tulikwenda kusimama pale na miavuli kutazama maji yakipita chini. Watu walitucheka. Miaka yote yalikuwa yakipita juu.

Malipo yetu ya awamu ya pili yalichelewa miezi saba, nyasi zikarudi, na mkaguzi akaja akaandika kwamba hatukufyeka. Hapo sina la kusema. Wenye kupanga wajue kwamba sisi tunakula kila siku.

Bodaboda Mstaarabu

Mwaka 2021 kulikuwa na zile milioni 500 za kila jimbo kwa ajili ya barabara, na bunge likaongeza shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa barabara za vijijini. Mimi kila lita ninayoweka nasema hii mia ni ya kalvati la kwa mama mkwe. Ila milioni 500 kwa jimbo la mjini na milioni 500 kwa jimbo kubwa kuliko Rwanda, wakuu, hiyo sawa kweli?

Fundi Sanifu

Bodaboda, umegusa kidonda. Mgao sawa kwa kila jimbo ni rahisi kuutetea bungeni, ukigawa kwa kilomita wa mjini wanalalamika, ukigawa kwa watu mnakufa ninyi. Nimekaa kwenye vikao vinavyobishana hilo hadi chai inapoa.

Mama Mitaro, heshima yako. Kazi ya kikundi chenu kwenye kilomita nane ni sehemu ndogo sana ya bei ya kuzimwagia kifusi upya, na bila ninyi kifusi hicho hakimalizi masika mbili.

Diwani Mstaafu

Mkulima, uko wapi? Fuso imeondoka?

Mkulima wa Ufuta

Tumeondoka saa tisa, mzee wangu. Nimenunua daftari dukani kabla hatujapanda, la kurasa 96, la 200 lilikuwa limekwisha. Nimekaa juu ya mzigo na tandiboi, yeye anaita, mimi naandika. Hadi sasa malori 7, Noah 3, kirikuu 1 limepata pancha, baiskeli 19, guta 2, pikipiki 46, kati yake 21 zina magunia. Machela bado sijaona, namshukuru Mungu.

Tandiboi anauliza punda mwenye mkokoteni tumwandike wapi. Nimempa safu yake. Giza limeingia, naona taa tu. Taa moja naandika pikipiki.