Ushauri: Baba haoni upande wa kushoto, lakini daktari anasema macho ni mazima

Mleta mada
Wakuu, baba alipata kiharusi. Anaongea vizuri na mkono umerudi, ila kila mlango anagonga bega la kushoto, na chakula cha upande huo wa sahani hakigusi. Daktari wa macho kasema macho hayana shida. Mzee mwenyewe anashikilia kuwa jicho la kushoto limekufa. Tumtafutie miwani?

Mjumbe 1
Pole sana mkuu. Miwani subiri kwanza. Kaa mbele yake, azibe jicho moja, akukazie macho puani, nawe chezesha kidole kushoto kwake. Rudia kwa jicho la pili. Macho yote mawili yakikikosa kidole, hitilafu iko ubongoni. Neva za macho zikikutana, nusu ya nyuzi huvuka, hivyo mambo yote ya kushoto, ya macho yote mawili, husomwa na ubongo wa kulia. Neva ikiumia kabla ya makutano, jicho moja ndilo linaloathirika. Makutano yenyewe yakibanwa, mfano na uvimbe wa tezi ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo), mtu hupoteza pembeni kote, kulia na kushoto. Njia ikiumia nyuma ya makutano, ndiyo inakuwa kama ya mzee.

Mjumbe 2
Naongezea, maana hili husahaulika. Wapo wanaoona kushoto ila ubongo umeususa upande huo. Hata ukiwaambia, hawaoni kinachokosekana. Mwambie achore uso wa saa. Namba zote zikirundikana kulia, mweleze daktari wa neva. Wengine huwa na yote mawili.

Mleta mada
Asanteni. Kidole: macho yote mawili, kushoto hamna kitu. Saa kaichora sawasawa. Anauliza kama kuona kutarudi.

Mjumbe 1
Kukirudi, mara nyingi ni miezi ya mwanzo, na huenda kusirudi kote. Ombeni kipimo cha upeo wa kuona ili mjue kilichobaki. Mazoezi makubwa ni kuzoea kupeleka macho kushoto kabisa, kwa makusudi, kabla hajapiga hatua.

Mjumbe 3
Kusoma je? Mke wangu alikuwa anapotea kila akirudi mwanzo wa mstari. Tukambandikia utepe mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa. Hasomi neno mpaka auone utepe. Ilimrudishia magazeti yake. Ukiongea na mzee kaa kulia, ila mazoezini msogelee kushoto. Na gari asiguse mpaka madaktari waruhusu, hata akisema anajisikia vizuri.