Hundi mbili za mteja mmoja siku moja: kaka yangu anapaswa kujisajili Marekani?

MamaHera_Nyalenda
Hamjambo wenzangu. Niko hapa Kisumu, naandika hesabu za duka la kaka yangu aliye Marekani. Anauza unga, omena na vitenge, na tangu Machi anawabadilishia wateja hundi za mshahara kuwa pesa taslimu, anakata asilimia 2. Wengi ni vijana wetu wa viwandani, wanatoka zamu wakati benki zimefungwa. Kila Jumapili hunitumia picha za daftari kwa WhatsApp.

Nimesoma kwamba ukimbadilishia mtu mmoja hundi za zaidi ya dola 1,000 kwa siku moja, lazima ujisajili na FinCEN, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Fedha yao. Kaka anasema hundi zake ni ndogo ndogo, na tena yeye ni wakala wa kampuni ya kutuma pesa ambayo imeshasajiliwa. Lakini ukurasa wa tarehe 14 Machi umeninyima usingizi. Mteja yule yule: asubuhi 620, jioni 540, kwa ule wino wake wa kijani. Zinajumlishwa? Na huo uwakala unamkinga? Ana watoto watatu kule, sitaki ashikwe kwa jambo ambalo mimi nililiona nikanyamaza.

Mhasibu_Milimani
Dada, zinajumlishwa. 620 na 540 ni 1,160. Sheria inatazama mtu na siku, haihesabu karatasi moja moja. Hata ikitokea mara moja tu, ameshavuka.

Hapo kwa uwakala ndipo wengi huanguka. Anayefanya kazi ya uwakala peke yake hahitaji kujisajili. Lakini hundi anazibadilisha kwa pesa zake mwenyewe, si kwa niaba ya ile kampuni, kwa hivyo usajili wa kampuni haumhusu kwa upande huo. Anajaza fomu namba 107 kwa mtandao ndani ya siku 180, kisha anaurudia usajili kila baada ya miaka 2, mwisho ukiwa 31 Desemba. Nakala aziweke miaka 5.

Wa_Chemelil
Samahani kuingilia. Sisi wa miwa tukipewa hundi yenye ile mistari miwili, hakuna mwenye duka wa kukupa pesa, sharti ipitie akaunti. Huko kumbe duka linaruhusiwa! Ada ya kujisajili ni ngapi?

Mhasibu_Milimani
FinCEN haitozi chochote. Ila usajili huo si leseni. Majimbo mengi yana leseni yao kwa kazi hii, na hiyo ndiyo hulipiwa, kwa hivyo aulize jimbo lake. Pia anatakiwa kuwa na mpango ulioandikwa wa kuzuia utakatishaji wa pesa: nani anausimamia, wafanyakazi wanafunzwa vipi, nani wa kuukagua. Pesa taslimu zikizidi dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa siku, kuna taarifa nyingine ya kupeleka. Asidharau, dada. Kuendesha kazi hii bila kujisajili ni kosa la jinai, kifungo chake hufika miaka 5.

MamaHera_Nyalenda
Mungu akubariki. Nilimpigia saa tano usiku, kule bado mchana. Alianza kubisha, nikamwambia afungue ukurasa wa 14 Machi asome mwenyewe kwa sauti. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza fomu iko wapi. Tukihesabu kuanzia 15 Machi, siku 180 zinaisha 10 Septemba, lakini tumekubaliana anaituma wiki hii. Kuhusu leseni ya jimbo, atapiga simu Jumatatu, na mpaka apate jibu ameacha kupokea hundi. Nami nimeongeza safu kwenye kompyuta: jina, tarehe, jumla ya siku. Nimeanza kuzipitia kurasa zote upya, na Aprili nimeshapata mwingine: 480 na 555.