Hamira ya mvinyo: kromosomu 16 au 32? Naomba ushauri kabla ya Jumatatu

Mwalimu_Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha bayolojia kidato cha sita huku Pemba. Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi hamira ina kromosomu 16, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni. Msichana mmoja akasimama na kitabu: "Mwalimu, humu wameandika ya mvinyo ina 32." Nikamjibu kitabu kimekosea. Usiku nikasoma tena, nikaingiwa na wasiwasi kuwa niliyekosea ni mie.

Nimejaribu hadubini ya skuli. Nilikoroga hamira ya dukani na maji vuguvugu na sukari, nikaona chembe za mviringo, nyingine zimechipua kidogo ubavuni kama kiazi kinachotoa jicho. Kromosomu sikuona hata moja. Niwaeleze vipi? Halafu kuna mzazi anauliza kwa nini watoto wasomeshwe mambo ya mvinyo. Nilifute somo?

Maabara_Unguja:
Wa alaykum salaam mwalimu. Wewe na mwanafunzi wako nyote mmesema kweli. 16 ni seti moja. Spora (chembe ya uzazi) ya Saccharomyces cerevisiae, ndiyo hamira yetu kwa jina la kisayansi, hubeba seti moja, lakini hamira nyingi za mvinyo huishi na seti mbili, ndiyo hiyo 32. Za mikate nyingi zina seti nne. Kwa hiyo anayeuliza "ngapi?" muulize kwanza "seti ngapi?" Tena zipo za mvinyo zenye kromosomu moja moja iliyozidi au kupungua, na zinachacha vizuri tu.

Hadubini usiilaumu. Kromosomu ya 1 ya hamira ina herufi 230,000 hivi za DNA; ya 1 ya binadamu inakaribia milioni 250. Hazijikunji zikanenepa vya kutosha kuonekana. Zilikuja kutenganishwa miaka ya 1980 kwa jeli inayopitishwa umeme kwa zamu kutoka pande tofauti, kila kromosomu ikasimama kwenye mstari wake. Mwaka 1996 DNA yake yote ikawa imesomwa, kwanza kabla ya kiumbe mwingine yeyote mwenye kiini cha seli. Jeni 6,000 hivi.

Bi_Vitumbua:
Mwanangu, mie si mtu wa sayansi, napika vitumbua. Marehemu bibi alikuwa akinituma kwa mgema alfajiri, nichukue kikombe cha tembo tamu. Akilimimina kwenye unga wa mchele, akafunika kwa kawa, na jua likitoka povu limeshafika ukingoni. Mzazi huyo mwambie kwa upole: hamira ndiyo inayoumua mkate wake wa kumimina, na siki ya achari yake haipatikani bila kuchacha kwanza. Kusoma si kunywa.

Darajani_Jeni:
Nakuomba usilifute, maana kwenye mvinyo ndipo jeni zinapoonekana zikifanya kazi. Watengenezaji hutia salfaiti ili kuua vijidudu wasivyovitaka. Hamira nyingi za mvinyo zinaistahimili kwa sababu kromosomu ya 8 na ya 16 zilikatika zikabadilishana vipande. Jeni ya SSU1, inayotengeneza pampu ya kutoa salfaiti nje ya seli, ikajikuta mbele yake pana swichi (kipande cha DNA kinachoiwasha jeni) yenye nguvu zaidi, pampu zikaongezeka. Jeni yenyewe haikuhitaji kubadilika. Kilichobadilika ni jirani yake. Mimi sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa kumwonesha mwanafunzi kwamba jeni inakaa wapi nalo ni jambo.

Mwalimu_Wete:
Allah awalipeni kheri. Nimekata vipande 16 vya ukili mweupe na 16 vya rangi, kila kimoja na jozi yake, urefu mbalimbali. Cha 8 na cha 16 vya rangi nitavikata mbele ya darasa na kuunga ncha za hiki kwenye kile. Na mkasi nitampa yule msichana, baada ya kumwomba radhi mbele ya wenzake.