Marcia Griffiths: mwitikiaji wa Bob Marley au nguli wa reggae?

MLETA MADA:
Wakuu, kila akitajwa Marcia Griffiths, hakosekani wa kusema, "Yule aliyekuwa akimwitikia Bob Marley." Naona huko ni kumdhulumu. Tuhesabu miaka.

Marcia alipanda jukwaani Kingston, Jamaika, mwaka 1964, binti wa miaka 14. Mwaka 1968, akiwa Studio One, studio ya mtayarishaji Coxsone Dodd, akatoa "Feel Like Jumping", reggae yenyewe ikiwa ndiyo kwanza inazaliwa kutoka kwenye rocksteady, muziki wa Jamaika ulioitangulia. Mwaka 1970 yeye na mwimbaji mwenzake Bob Andy wakaimba upya wimbo wa Nina Simone, "Young, Gifted and Black", ukafika namba 5 kwenye chati za Uingereza. Bob Marley aliingia kwenye chati hizohizo mwaka 1975, kwa "No Woman, No Cry".

Kundi la I-Threes lililokuwa likimwitikia Bob, yeye na Rita Marley na Judy Mowatt, lilianza 1974. Miaka kumi kazini tayari! Alikwenda kwa Bob akiwa na jina lake.

MCHANGIAJI:
Hayo sikatai, mkuu. Ila wengi wetu huku tulimsikia kwenye kanda za Bob, si za Studio One. Bila jukwaa lile, Marcia angebaki wa Jamaika na Waingereza wachache. Kwani kuitikia ni aibu?

MLETA MADA:
Si aibu hata kidogo. Ondoa zile sauti tatu kwenye nyimbo za Bob uone pengo lake. Ninachopinga ni kumfungia humo maisha yake yote. Bob alifariki Mei 1981. "Electric Boogie" ya Marcia ikafika nafasi ya 51 kwenye Billboard, chati za Marekani, mwishoni mwa miaka ya 80, na mpaka leo Wamarekani wanaicheza harusini wakiwa wamejipanga mistari. Nani alimbeba hapo?

Na tatizo si lake peke yake. Grammy ya reggae ilianza kutolewa 1985. Mwimbaji wa kike Puma Jones alikuwamo kwenye kundi la Black Uhuru waliposhinda, lakini mwanamke wa kwanza kushinda kwa jina lake mwenyewe ni Koffee, mwaka 2020.

MCHANGIAJI:
Lakini "Electric Boogie" iliandikwa na Bunny Wailer, mwenzake Bob kwenye kundi la The Wailers. Si tumerudi kwa The Wailers?

MLETA MADA:
Bunny alishajitoa The Wailers kabla I-Threes hawajaanza. Na Bob naye aliimba nyimbo za watu. Mbona hatusemi walimbeba?